Sisimizi wa Moyo wa Chura

Siku Fundi alipobonyeza kitufe kimoja na michoro yote ya kitabu ikageuka kabla chai haijachemka, mama yake aliinua mikono juu akamshukuru Mungu kwa kumjalia mwana mwenye akili. Aliyeichora michoro hiyo alikuwa jikoni, anachemsha chai.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na meza moja ya maana. Meza hiyo ilikuwa ofisi ya Fundi, ambaye alipanga kurasa za vitabu vya shule kwa kampuni moja ya uchapishaji. Ilikuwa pia ofisi ya mkewe, ambaye alichora picha za vitabu hivyo hivyo. Saa za kula ilivikwa kitambaa cha plastiki chenye maua ikawa meza kama meza nyingine. Mama yake Fundi aliishi nao tangu magoti yake yalipogoma, na kiti chake kilikaa dirishani, mahali ambapo mtu huona kila kitu na halazimiki kufanya lolote.

Watu wa kampuni walimwita mke wa Fundi Sisimizi. Kila mchoro aliomaliza, aliweka chini kulia, nje kidogo ya fremu, sisimizi mmoja mdogo mwenye miguu sita na kiuno chembamba. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake. Kampuni haikuwa na desturi ya kutaja wachoraji, kwa sababu, kama Mkurugenzi alivyopenda kusema, kitabu ni cha mwandishi. Basi yeye alimtuma sisimizi amwakilishe. Mwalimu akifungua kitabu cha kwanza, ukurasa wa bawa la panzi au wa jani la muhogo, anamkuta pale pembeni, na asiyejua humpuliza akidhani ni mdudu kweli. Sisimizi aliwahi kumwona mtu akifanya hivyo dukani, na furaha yake siku hiyo ilizidi malipo yote aliyowahi kupata.

Michoro ilifanywa kwa kompyuta, kwa mistari ile ambayo hata ukiikuza ikajaa ukuta mzima haififii. Tatizo ni kwamba programu ya kuchorea na programu ya kupangia kurasa zilikuwa haziongeleshani, kama majirani waliogombea ukuta. Kila mchoro ulipaswa kufunguliwa, kugeuzwa kuwa faili la aina nyingine, kupunguzwa kingo, kisha maneno yake yatenganishwe na mistari ili yapangwe upya kwa herufi za kitabu. Sisimizi alifanya hayo kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kila Mkurugenzi alipobadilisha neno moja alianza tena. Mkurugenzi alibadilisha maneno kama mtu anayelipwa kwa kila neno.

Safari hii alikuwa amepiga simu kusema kuwa kitabu cha pili cha viumbe hai lazima kiingie mtamboni juma hilo hilo, mtambo hausubiri mtu. Ndipo Fundi akaandika skripti yake, yaani maagizo ya mstari kwa mstari ambayo kompyuta huyafuata bila kuuliza sababu.

"Sisimizi! Njoo uone mambo!" Fundi aliita.

Mkewe alikuja na kijiko mkononi. Kwenye kioo michoro ilikuwa imejipanga, kila mmoja katikati ya ukurasa wake.

"Yote?"

"Yote. Moyo, mende, mizizi, kila kitu. Hata ukibadilisha neno, nabonyeza tena basi."

"Mume wangu, umeniokoa. Macho yangu yalikuwa yanakufa," alisema, na alimaanisha. Alimbusu kwenye kipara, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mwanangu amefanya kwa dakika kazi ya miezi," alisema mama mkwe.

"Ya miezi ilikuwa ni kuchora, mama. Yeye amegeuza."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayosema. Amekutoa kwenye polepole yako."

Sisimizi alirudi jikoni. Chai ilikuwa imefurika na kuzima jiko.

*

Ikumbukwe kwamba kulikuwa na ahadi. Mkurugenzi, ambaye alimwita Sisimizi "shemeji" kwa kuwa aliwahi kula nyumbani kwao mara moja, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: "Kitabu hiki kikipendeza, shemeji, tutakuajiri. Mkataba, kiti chako, bima ya familia, na mambo mengine." Hadi wakati huo Sisimizi alilipwa kwa mchoro, na malipo yenyewe yalipitia kwa Fundi, kwa sababu mhasibu aliona ni usumbufu kuandika watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Sisimizi hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka tu siku moja mhasibu amwite yeye, na amsainishe yeye.

Kitabu kilipendeza. Kilipendeza mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Taasisi iliyolipia vitabu vya shule ilituma wageni wawili, bwana mmoja mwenye miwani na bibi mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Mkurugenzi aliwapitisha ofisini kama mtu anayeuza nyumba. Walipofika kwenye dawati la Fundi, yule bibi alikaa akatazama mchoro wa moyo wa chura kwa muda mrefu.

"Kazi safi sana hii," alisema. "Nani anawachorea?"

"Teknolojia!" Mkurugenzi alijibu. "Kijana wetu huyu ametengeneza programu. Anabonyeza tu, picha zinatoka. Fundi, waonyeshe wageni."

Fundi alibonyeza. Michoro ikajipanga. Wageni wakashangaa, na Mkurugenzi akashangaa zaidi yao, ingawa alikuwa ameshangaa vile vile asubuhi.

Hapo Fundi alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari, fupi tu: *mke wangu ndiye anayechora*. Lakini bwana wa miwani alikuwa amekwisha kumshika mkono na kuutikisa, akisema nchi inahitaji vijana kama yeye, naye Fundi tangu azaliwe hakuwa ameambiwa kuwa nchi inamhitaji. Akafunga kinywa. Hakusema uongo. Katika habari hii yote Fundi hakusema uongo hata mara moja, alinyamaza tu, na kunyamaza hakutozwi kodi.

Chanda chema huvikwa pete. Kabla ya juma kwisha alivikwa cheo cha Mkuu wa Michoro, kiti kinachozunguka, na bima ya familia.

Jioni alifika nyumbani na mfuko wa matunda, dalili ya mtu mwenye habari njema au kosa kubwa.

"Wageni wameisifu michoro, wamenipandisha cheo," alisema. "Mkuu wa Michoro."

Mama yake alipiga kigelegele ambacho majirani walikisikia. Sisimizi alicheka.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye bosi wangu? Haya, bosi. Na mkataba wangu unasainiwa lini?"

Fundi alichukua chungwa, akaanza kulimenya kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji.

"Hilo... tutaliangalia," alisema.

*

Mtambo usiosubiri mtu ulisubiri. Mkurugenzi alitaka kwanza kitabu kizinduliwe kwa hafla, wageni wakiwapo, na Fundi aonyeshe mbele yao jinsi kitabu cha tatu kinavyozaliwa. Wakati huo huo ilitoka prufu, nakala moja ya kukagua, na Jumamosi Fundi akaileta nyumbani.

Sisimizi aliifuta meza mara mbili, akanawa mikono, akakaa. Alikifungua kitabu kwenye moyo wa chura na kuangalia chini kulia.

Hapakuwa na kitu. Akaangalia mende. Akaangalia mzizi wa haragwe, yai la kuku, jicho la samaki. Alifungua kurasa haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ya nguo. Pembeni kote palikuwa peupe pee.

"Sisimizi wangu wako wapi?"

"Sisimizi gani?" aliuliza Fundi, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amemwita mkewe kwa jina jingine.

"Fundi."

"Labda kwenye kugeuza. Unajua hizi programu."

Alirudi ukurasa wa mbele kutazama kama kulikuwa na maelezo. Kulikuwa nayo, tena kwa herufi nzuri alizozichagua mumewe: *Michoro: Programu ya Fundi, Idara ya Michoro. Tunaishukuru pia familia yake kwa uvumilivu.*

"Hiyo familia yenye uvumilivu ni mimi?"

"Ameandika Mkurugenzi. Mimi nimepanga tu."

Sisimizi aliivuta kompyuta. Fundi alikuwa na tabia njema, aliyojisifia hata kwa wenzake kazini, ya kuandika maelezo kwa Kiswahili juu ya kila agizo la skripti, ili siku akisahau akumbuke. Mkewe alishuka nayo mstari kwa mstari. *Fungua mchoro. Tenganisha maneno. Weka katikati.* Kisha, juu ya agizo lililokata kila kilichokuwa nje ya fremu, aliona maneno manne, akayasoma kwa sauti.

"Ondoa uchafu wa pembeni."

Dirishani, mama mkwe aliacha kutafuna.

"Sikiliza," Fundi alisema. "Ni hesabu tu. Yule sisimizi alikuwa nje ya fremu, kompyuta inamhesabu kama sehemu ya picha, basi picha inasogea kushoto, haikai katikati. Ilikuwa inaudhi. Nikaweka agizo moja. Sikuwa na nia mbaya."

"Ulimwona?"

"Nani?"

"Sisimizi. Ulipokuwa unaandika 'uchafu', ulikuwa unamtazama yeye?"

Fundi alitazama sakafu, na sakafu haikumsaidia. "Nilimwona."

"Na wale wageni walioisifu michoro, hawakuuliza nani anachora? Nao ulikuwa unawatazama?"

"Mkurugenzi ndiye aliyesema..."

"Sikuulizi alichosema Mkurugenzi. Nakuuliza ulichosema wewe."

"Sikusema kitu."

"Ahaa. Na watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu hata nguo nakifulia."

Aliumia, na hakuona sababu ya kuficha. Alilia pale pale mezani, kwa kwikwi, bila kufunika uso, machozi yakidondokea ukurasa wa mzizi wa haragwe. Fundi alisimama nyuma ya kiti chake, mikono ikielea hewani, asijue pa kuiweka.

Mama mkwe, aliyekula chumvi nyingi na aliyejua wajibu wake, aliingilia.

"Jamani, mwanangu, kwani shida iko wapi? Si nyumba moja? Mshahara wake si mshahara wako? Bima si yako, si yangu? Pesa zinaingia kwa mlango mmoja."

"Ndiyo, mama. Zimeingia kwa mlango. Mimi nimetolewa dirishani."

"Mwanamke haandikwi kitabuni, mwanamke anaandikwa moyoni."

"Basi mhasibu akalipie huko moyoni," Sisimizi alisema, akajifuta uso kwa upindo wa kitambaa cha maua.

*

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Majuma yaliyofuata Fundi alizunguka kwenye kiti chake kinachozunguka, akahudhuria mikutano, akafundisha wenzake neno "ubunifu". Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: kitabu cha tatu kilihitaji michoro, na skripti, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa bado haijajifunza kushika penseli.

Alimwendea mkewe akiwa anaanua nguo.

"Sisimizi. Kuna ule mchoro wa matamvua ya samaki. Na mbegu inayoota. Michache tu, ya kuonyesha siku ya hafla."

"Haya."

"Utachora?"

"Kwani programu haiwezi?"

"Usinifanyie hivyo. Unajua inavyofanya kazi."

"Mimi najua. Wewe je, umewaambia?"

"Nitawaambia. Hafla ikiisha nitamkalisha Mkurugenzi, nimweleze vizuri. Sasa hivi nikisema nitaonekana tapeli."

Sisimizi alikunja shati la mumewe, akalinyoosha kola, akaliweka juu ya mengine. Alipaka neno lake mafuta kidogo kabla ya kulitoa.

"Usijali, bosi. Folda ya kitabu cha tatu nitakuwekea."

Kuanzia hapo alikaa mezani kila siku, tangu vyombo vya asubuhi vinapooshwa hadi kitambaa cha maua kinapotandikwa. Fundi alimwona akichora, akashukuru, akampunguzia kelele za redio. Hakusogea kuchungulia. Mtu aliyezoea kubonyeza huona kazi ya kufungua na kutazama ni ya watu wa chini. Alfajiri ya siku ya hafla aliuliza tu: "Folda iko tayari?"

"Nimeiweka ndani ya kompyuta yako," mkewe alijibu.

Naye pia hakusema uongo. Folda ilikuwa pale, imeandikwa vizuri kabisa *Kitabu cha Tatu*.

*

Hafla ilifanyika kwenye chumba cha mikutano, chenye viti vya kukodi na maji ya chupa. Familia ya Mkuu wa Michoro ilialikwa kwa heshima zote na kuketishwa mstari wa mwisho, nyuma ya nguzo. Mama mkwe alivaa kitambaa kipya kichwani. Sisimizi alivaa gauni la bluu alilokuwa amelitunza kwa ajili ya siku ya kusaini mkataba.

"Shemeji, karibu sana," Mkurugenzi alimwambia alipopita. "Wasaidie kidogo hawa mabinti kupanga vikombe, eti."

Sisimizi alipanga vikombe. Alivipanga vyote, akarudi nyuma ya nguzo.

Mkurugenzi alihutubia. Alisema zamani mchoro mmoja ulichukua siku nyingi kwa sababu ya uvivu wa binadamu, lakini sasa mashine hailali, haiombi nyongeza, wala haiugui. Watu wakapiga makofi, hata wale wanaolala na kuugua. Kisha akamkaribisha Fundi, na kioo cha kompyuta kikaonekana kikubwa ukutani.

"Kitabu cha tatu," Mkurugenzi alitangaza, "kinazaliwa mbele ya macho yenu. Fundi, bonyeza!"

Fundi alinyoosha mkono wa shati na kubonyeza.

Skripti haikuchelewa hata kidogo. Iliingia kwenye folda, ikatazama, ikatoka, na kwa uaminifu uliowashinda wengi chumbani ikaandika ukutani, kwa herufi ambazo hata mama mkwe alizisoma bila miwani:

*Kazi imekamilika. Michoro iliyogeuzwa: 0. Makosa: 0.*

Mtu mmoja aliyezoea hafla alipiga makofi mawili, akaacha.

"Rudia," Mkurugenzi alinong'ona, kipaza sauti kikiwa mdomoni.

Fundi alirudia. Kazi ikakamilika tena. Makosa yakawa sifuri tena.

"Imeharibika?" Mkurugenzi aliuliza, na uso wake ulikuwa unamwomba. "Imeharibika, siyo? Vitu hivi huharibika."

Njia ilikuwa imefunguliwa, pana, imefagiliwa. Fundi angesema *ndiyo, bosi, imeharibika*, watu wangekunywa soda, na kesho angemwangukia mkewe magotini apate michoro. Aliigeuza shingo kutazama mstari wa mwisho. Mkewe alikuwa ameegemea mbele ili nguzo isimzuie. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri kuona kitambaa alichokinunua kitachuja rangi au la. Na Fundi, ambaye aliogopa vitu vingi katika maisha yake, aliogopa kitu kimoja kuliko vyote: kwamba akijibu vibaya hapo, mwanamke yule hatalia tena mbele yake.

"Haijaharibika," alisema. "Ndivyo inavyofanya kazi, bosi. Inageuza michoro. Haichori. Haijawahi kuchora hata mstari mmoja. Folda ikiwa tupu, inageuza utupu."

"Sasa michoro ya kitabu hiki imetoka wapi?" aliuliza bwana wa miwani.

"Amechora mke wangu. Yote. Yule pale nyuma, mwenye gauni la bluu. Alikuwa ameweka alama yake kwenye kila mchoro, na mimi niliikata. Niliiona, nikaikata, na mlipouliza nikanyamaza."

Viti vilikwaruza sakafu, watu wakageuka. Fundi alibaki amesimama mbele, masikio yanawaka moto, akiona aibu ambayo hakujua mtu mzima anaweza kuiona na bado akawa amesimama.

"Shemeji?" alisema Mkurugenzi.

"Nilisema mimi!" Mama mkwe aliinuka, magoti yakiwa yamesahau mgomo. "Tangu siku ya kwanza nilisema, huyu binti ana mkono! Muulizeni mwanangu kama sikusema!"

Mgeni mnene mwenye sauti ya upole alitembea mpaka nyuma ya nguzo, akavuta kiti.

"Moyo wa chura ni wako?"

"Ni wangu, dada. Nimeuchora nikauchora tena mpaka nikawa nauota."

"Na kitabu cha tatu?"

"Kinangoja mkataba," alisema Sisimizi, na alisema kwa sauti ya kutosha kufika mbele bila kipaza sauti.

*

Mkataba ulisainiwa juma lile lile, kwa sababu mgeni mwenye sauti ya upole aligoma kuondoka kabla hajauona. Mhasibu alimwita Sisimizi, akamwonyesha pa kutia saini, akalalamika kuwa sasa atakuwa na majina mawili ya nyumba moja. Fundi alirudishwa kwenye dawati lake la kupanga kurasa. Kiti kinachozunguka kilihamishwa kwenda kwa Mkurugenzi, ambaye aligundua kwamba mgongo wake ulikuwa ukimuuma siku nyingi.

Nyumbani hapakutulia kwa siku moja. Fundi aliosha vyombo bila kuombwa, vikawa vinatoka na mafuta.

"Nisamehe," alisema jioni moja, mikono ikiwa kwenye povu.

"Nitakusamehe. Lakini polepole. Si unajua mimi ni mtu wa polepole."

Mama mkwe, aliyekuwa akipita na fimbo yake, alijifanya hajasikia.

Kisha ilikuja prufu mpya. Mkurugenzi aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaifungua ukurasa wa mbele na kuusogeza kwa fahari. "Tumekutaja, shemeji! Soma hapo." Ukurasa ulikuwa umerekebishwa. Programu ilikuwa imeondolewa, uvumilivu wa familia umeondolewa, na mahali pake palikuwa na maneno haya: *Michoro: Mke wa Fundi.*

Fundi alifumba macho. Sisimizi alisoma, akasoma tena, akamshukuru Mkurugenzi kwa taabu yake, akamkaribisha chai. Mkurugenzi alisema ana haraka.

Mlango ulipofungwa, Fundi alikuwa tayari ameketi mezani. "Naupanga upya ukurasa huu sasa hivi. Akifukuza mtu, anifukuze mimi. Na lile agizo la uchafu nimeshalifuta."

"Ukurasa panga. Agizo lirudishe."

"Lipi?"

"Lile la uchafu wa pembeni. Liandike kama lilivyokuwa, na maneno yake manne."

"Kwa nini unanitesa?"

"Liandike, mume wangu."

Aliliandika. Mkewe alisogeza kiti, akaweka kwenye kompyuta folda ya kitabu cha pili, ile aliyokuwa akiifanyia kazi majuma yote ambayo Fundi alidhani anachora matamvua ya samaki.

"Haya, bonyeza."

Fundi alibonyeza. Michoro ikajipanga, kila mmoja katikati ya ukurasa wake, pembeni peupe pee. Alifungua moyo wa chura. Aliukuza kidogo, akaukuza tena, mpaka ukajaa kioo kizima. Ndani kabisa, kwenye ukuta mnene wa chemba ya chini, kati ya mistari ya kivuli aliyoizoea, alikuwepo sisimizi, mwenye miguu sita na kiuno chembamba. Alifungua mende, akamkuta gotini. Alifungua mzizi wa haragwe, akamkuta kwenye kiini.

Sisimizi alimwekea mume wake mkono begani, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi ya machozi, akainama mpaka kwenye sikio lake.

"Haya, Fundi," alisema. "Kata sasa."